Mstari wa Miaka Mitano

Mama Kanji hakuwa mtu wa kukaa. Hilo mtaa mzima ulilijua, ila msimu ule lilipitiliza. Akiamka anafagia uani; akimaliza uani anafua mapazia ambayo juzi tu yalitoka kufuliwa; mapazia yakiwa kambani anasukuma kabati kutoka ukuta huu kwenda ule; na kabati likishafika anagundua kuwa limeziba soketi ya umeme, basi analisukuma kurudi lilikotoka, huku akilifokea kana kwamba lilijipeleka lenyewe. Mumewe akitoka shule husimama kwanza mlangoni, apepese macho, ajue leo kiti kiko upande gani kabla hajajitupa.

"Mama watoto, hii nyumba inatembea?"

"Nifanyeje? Nikikaa nawaza."

Alichokuwa anawaza ni kazi. Jina lenyewe la Mama Kanji hakulipata kwa mtoto, alilipata kazini. Kanji ni ule wanga unaotiwa kwenye nguo ili zisimame vizuri zikishapigwa pasi, na yeye alikaa miaka mingi katika chumba cha dobi cha hoteli kubwa, huko chini kabisa kwenye mvuke, ambako wageni wa juu hawajui hata kama kuna watu. Alianza kwa kukunja taulo, akapanda mpaka akawa anasimamia zamu nzima: mashine za kufulia, za kukaushia, na ile ndefu ya kunyooshea mashuka ambayo ukizubaa inakula vidole. Alikuwa anajua kwa kunusa tu kama sabuni imezidi. Kisha mama mkwe akapata kiharusi, upande mmoja ukapooza, na ukoo ukakaa kikao.

Kikao chenyewe hakikuchukua muda. Wifi mkubwa, dada wa kwanza wa mumewe, mwanamke wa sauti nene mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ndiye aliyekifunga. "Mama kamzoea wifi," alisema. "Na wifi ana subira, sisi wengine mnatujua." Wote wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyepinga, maana aliyepaswa kuulizwa alikuwa jikoni anawachemshia chai.

Miaka mitano ikapita hivyo. Sasa mama mkwe alikuwa amezikwa, kitanda chake kimetolewa chumbani, na Mama Kanji akabaki na mikono miwili isiyojua pa kwenda. Si kwamba nyumba ilikuwa na njaa. Mshahara wa ualimu ulikuwa unawafikisha, kwa kuchechemea lakini unawafikisha. Alitaka kuamka asubuhi akiwa anasubiriwa mahali. Hoteli ya zamani ilikuwa imeshaajiri watu wengine, na kila alipokuwa anapita mbele ya lango lake moyo ulikuwa unamdunda vibaya, kama mtu aliyemwona mchumba wake wa zamani akiwa na mwingine. Aliogopa kuwa wakati umempita, na alikuwa analisema hilo waziwazi kwa yeyote aliyekubali kusikiliza.

Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, alikuwa anafundisha jiografia, lakini umaarufu wake ulikuwa kwenye kalamu. Harusi ikikaribia, yeye ndiye anayeandika hotuba ya baba wa bibi harusi. Mtu akifa, Mwalimu anaitwa kabla ya fundi wa jeneza. Alikuwa na maneno yake ya akiba, mazito na yaliyopigwa msasa, na alipokuwa akiyasoma watu walikuwa wanalia bila kujua hasa amesema nini. Kwa hiyo mkewe alipotamka tu neno sivii, Mwalimu alijipangusia miwani.

"Hiyo niachie mimi," alisema. "Wewe niambie ulichofanya, mimi nitakivisha nguo."

Na akakivisha, kanzu na koti juu yake. Mama Kanji alipoletewa karatasi zake kutoka steshenari, kurasa nne zenye mpaka wa maua, alijisoma hakujitambua. Kumbe alikuwa "Mtaalamu mbobezi katika tasnia ya unadhifu wa vitambaa, mwenye weledi uliotukuka na ari isiyomithilika." Kumbe hakuwahi kutoa doa, alikuwa "amesimamia michakato ya urejeshaji wa hadhi ya malighafi." Na pale kwenye miaka mitano, pale alipokuwa anapaogopa, Mwalimu alikuwa ameandika kwa herufi nene: "Mshauri Elekezi wa Masuala ya Ustawi wa Familia."

Tusimwonee Mwalimu peke yake. Mkewe alizipenda karatasi zile. Alizipenda sana. Alimsomea jirani wa kushoto, akamsomea jirani wa kulia, na yule wa kulia akasema, "Shoga, kumbe ulikuwa mkubwa hivi!" Mama Kanji akacheka kwa haya, lakini usingizi wa siku hiyo ulikuwa mtamu.

Zikapelekwa kwenye nyumba moja ya wageni iliyokuwa ikitafuta mtu wa kusimamia ufuaji. Akaitwa. Alivaa gauni la samawati, akakaa kwenye kiti mbele ya meza yenye watu watatu, na mmoja wao, kijana aliyenyoa vizuri, alikuwa ameshikilia zile kurasa nne kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe ambebe.

"Hapa umeandika mshauri elekezi," alisema yule kijana. "Ulikuwa unashauri familia zipi?"

"Yetu."

"Familia yenu ni kampuni?"

"Hapana. Ni familia tu."

"Na mlikuwa na matatizo gani mpaka mkahitaji mshauri miaka mitano?"

Mama Kanji alilinyoosha gauni lake magotini. Wale wengine wawili waliinamisha vichwa, mabega yanawatikisika. Mmoja wa hao wawili, mwenyekiti, kwa huruma alibadilisha mada, akamwuliza hiyo michakato ya urejeshaji wa hadhi ya malighafi ndiyo nini, na yeye, kwa kuwa alikuwa ameshavurugwa, akasahau. Alisahau kabisa kuwa maana yake ni kutoa doa la chai kwenye kitambaa cha meza, jambo ambalo angeweza kulieleza hata akiwa na homa. Alisema, "Ni mambo ya mashine." Wakamshukuru kwa kuja.

Alirudi kwa miguu, haraka, akipita watu bila kuwasalimia. Aliona aibu na hasira, hasira zaidi. Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu, akaanza kuosha vyombo visafi.

"Wamesemaje?" Mwalimu aliuliza.

"Wamecheka."

"Watu wa siku hizi hawajui lugha."

"Lugha wanajua, baba watoto. Mimi ndiye hawakunijua. Waliita mtu mwingine, nikaenda mimi."

Mwalimu akasema atapunguza vivumishi. Mkewe akasema asipunguze kitu, aache kabisa, atajiandikia mwenyewe. Mwalimu alicheka kidogo, halafu akaona kuwa hakuna anayecheka naye.

Kujiandikia mwenyewe kulimtesa. Alikuwa anakaa mezani, anaandika "Mimi ni," anainuka kwenda kuangalia kama mlango wa uani umefungwa. Anarudi, anaandika "Nimebobea," anaikata, anakwenda kumwagilia ndoo ya maua. Kalamu ilikuwa inamtoroka kila inapofika pa kusema jambo. Maneno ya Mwalimu yalikuwa yamemwingia kichwani, na kila akitaka kusema alifua, kichwa kinamwambia hapana, sema ulitekeleza.

Kilichomtoa hapo ni vikaratasi vya madoa. Kule hotelini kila nguo yenye doa gumu ilikuwa inabanwa kikaratasi, na anayepokea nguo anaandika mambo matatu tu: doa la nini, limefanywa nini, limetoka au halikutoka. "Damu. Maji baridi na chumvi. Imetoka." "Wino. Spiriti. Haujatoka." Hakuna aliyeruhusiwa kuandika "inashughulikiwa," kwa sababu zamu inayofuata haijui hilo ni nini. Na hakuna aliyeruhusiwa kudanganya. Ukiandika chai na kumbe ni damu, mwenzako anaitia kwenye maji ya moto, na damu ikishaonja maji ya moto inakaa humo mpaka shuka lichanike. Mama Kanji alikuwa amefukuza mtu kwa kikaratasi cha namna hiyo, mtu mwenyewe mcheshi na mchapakazi, na hakujuta.

Basi akaandika hivyohivyo. "Nilikunja taulo na mashuka. Baadaye nilisimamia zamu ya watu kumi na wawili. Niliwafundisha wapya kutumia mashine ya kunyooshea bila kuumia. Katika zamu yangu hakuna aliyeumia. Najua madoa ya damu, dawa, mafuta na wino, na najua yasiyotoka." Alishangaa jinsi mistari ilivyokuwa mifupi na jinsi yeye mwenyewe alivyoonekana humo. Hata akatabasamu.

Kisha akafika kwenye miaka mitano. Alikwenda kufagia uani. Alirudi. Alipanga sufuria kwa ukubwa. Alirudi. Mwishowe akaandika akiwa amesimama, ameinama juu ya meza, haraka kama mtu anayebandua plasta: "Niliacha kazi kumuuguza mama mkwe wangu nyumbani. Alikuwa amepooza. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimgeuza usiku na kufua mashuka yake mpaka alipofariki. Nilikuwa peke yangu."

Ukurasa mmoja ukajaa, bila maua.

Mwalimu aliusoma jioni ile ile. Alisoma mwanzo wake akitikisa kichwa kwa masikitiko ya kifundi, kama fundi mwashi anayeonyeshwa ukuta uliojengwa na mtu mwingine. Alipofika kwenye ule mstari wa mwisho, kichwa kikaacha kutikisika.

"Peke yako?"

"Ndiyo."

"Andika 'tulimuuguza.' Inatosha. Inapendeza."

"Wewe ulimuuguza kwa kufanya nini?"

"Mama watoto, hii karatasi inakwenda kwa watu. Unatuanika."

Hapo ndipo palipokuwa panauma, na Mama Kanji alipajua. Siku ya mazishi Mwalimu alisoma wasifu wa mama yake kwenye kipaza sauti, na miongoni mwa maneno yake mazito mlikuwa na haya: marehemu katika ugonjwa wake aliuguzwa na wanawe kwa mapenzi yasiyo kifani. Wanawe walilia, wifi mkubwa alishikiliwa na watu wawili. Mama Kanji alikuwa nyuma ya nyumba anasugua sufuria za wageni, na sauti ilimfikia vizuri sana, spika zilikuwa mbili. Aliacha kusugua kidogo. Halafu akaendelea, kwa kuwa wageni walikuwa wengi. Hakumwambia mtu kitu, ila siku ile kuna jambo lilivunjika ndani yake na halikuunga.

Mwalimu akampigia dada yake, na dada hakuchelewa.

"Wifi, nasikia umeandika ulimuuguza mama peke yako," ile sauti nene ilisema kwenye simu. "Sisi tulikuwa wapi?"

"Dukani, wifi."

Simu ikakatwa. Siku kadhaa baada ya hapo ndani ya nyumba watu walikuwa wanazungumza mambo ya chumvi na gesi tu.

Ule mstari haukubadilika. Aliuchukua ukurasa wake na kuupeleka kwenye hospitali iliyokuwa imejengwa upya ng'ambo ya soko, iliyotangaza kuwa inatafuta msimamizi wa chumba cha kufulia. Akaitwa tena. Safari hii kulikuwa na mtu mmoja tu, Matroni wa hospitali, mama mwenye soksi nzito na macho yaliyochoka, ambaye meza yake ilikuwa imelemewa na maombi ya kazi. Alisoma ukurasa ule mbele yake, kidole kikifuata mistari. Alimwuliza shuka lenye damu iliyokauka analianzaje, akajibiwa. Alimwuliza na la dawa ya njano ya kuoshea vidonda, akajibiwa. Kidole kikashuka mpaka kwenye miaka mitano, kikasimama.

"Huyu mama mkwe," Matroni alisema, "alikuwepo kweli?"

"Alikuwepo."

"Usinikasirikie. Wiki hii katika haya makaratasi nimekutana na wagonjwa wa kiharusi wengi kuliko walio wodini kwangu. Kila mwenye pengo la miaka analiziba kwa mgonjwa. Hapa sitafuti mtu wa mashine tu. Mashine nitamfundisha yeyote. Natafuta mtu ambaye shuka la mgonjwa halimtii kinyaa, na akiniambia jambo nisilazimike kulichunguza mara ya pili. Katika nyumba hiyo mlikuwa mnaishi nani na nani?"

"Mimi, mume wangu na mgonjwa. Watoto walishaanza maisha yao."

"Mgonjwa hayupo. Nipe namba ya mume."

Mama Kanji alisita. Sijui kama Matroni aliona. Aliitaja namba polepole, akatoka nje. Sasa kazi aliyoitaka kuliko kitu chochote ilikuwa imekwenda kukaa kwenye ulimi wa Mwalimu. Akisema tulimuuguza sote, kama alivyowaambia waombolezaji, basi karatasi yake ni ya mwongo, na Matroni ataihamishia kwenye rundo la wenye wagonjwa wa kubuni.

Alimwambia mumewe jambo moja tu: "Utapigiwa na watu wa hospitali." Hakumwambia la kusema. Nusura amwambie, alifika hata mlangoni mwa sebule akiwa na sentensi nzima mdomoni, akageuka. Kama ni la kufundishwa, alijiambia, halina maana. Akaenda kusukuma kabati.

Simu haikupigwa siku hiyo, wala iliyofuata. Mwalimu naye akawa hatulii. Alikuwa anazunguka na karatasi aliyoikunja mfukoni, anaitoa, anafuta neno, anaongeza, anairudisha. Alikuwa anajiandalia hotuba. Wawili hao walikuwa wanapishana ukumbini kama watu wanaotafuta kitu kimoja kilichopotea, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyekificha. Mama Kanji alikonda. Alifua hata mifuko ya kubebea bidhaa sokoni. Simu ya jirani ikilia, mwiko unamdondoka.

Ilipigwa Jumamosi mchana, yeye akiwa jikoni anachambua mchele. Simu ya Mwalimu ilikuwa mbovu, haisikiki sikioni, inasikika kwa spika tu, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa inajua habari zake zote. Akaiweka juu ya meza ya sebuleni, akaikunjua ile karatasi, akakohoa.

"Mwalimu, mimi ni Matroni. Nina swali moja. Mama yako alipokuwa anaumwa, nani alikuwa anamuuguza?"

"Matroni, kwanza kabisa naomba nichukue fursa hii adhimu kutoa shukrani zangu za dhati kwa uongozi wa—"

"Mwalimu. Nina watu wengi wa kuwapigia. Usiku nani alikuwa anamgeuza?"

Jikoni, mchele uliacha kuchambuliwa. Mama Kanji alikuja mpaka kwenye kizingiti, ungo mkononi. Mwalimu alikuwa amempa mgongo, anaiangalia karatasi yake. Mwisho akaikunja ilivyokuwa.

"Mke wangu," alisema.

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Hamkupokezana? Hata siku moja moja?"

"Dada zangu walikuwa wanakuja mwisho wa mwezi, wanaleta sabuni. Hawakulala." Sauti yake, ile iliyoliza watu kwenye vipaza sauti, ilikuwa imekuwa nyembamba, haina hata neno moja la akiba. "Mimi nilikuwa chumba cha pili. Mama alikuwa anaita usiku. Alikuwa ananiita mimi, kwa jina langu la utotoni. Nilikuwa namsikia, Matroni. Nilikuwa najifanya nimelala."

Spika ilikoroma kidogo.

"Hilo sikuliuliza, Mwalimu," Matroni alisema hatimaye, taratibu. "Mwambie aje Jumatatu saa moja. Aje na viatu visivyoteleza."

Simu ikakatika. Mwalimu hakugeuka. Mama Kanji alisimama pale kizingitini na kazi yake aliyoipata, ungo umeinama, punje za mchele zinamdondokea miguuni, wala hakuwa na habari nazo. Miaka yote ile aliwaambia watu kuwa mume wake akilala ni kama gogo, masikini, kazi ya ualimu inachosha. Na miaka yote ile, kila mara mama mkwe alipoita, alikuwa anavua kandambili, anapita ukumbini pekupeku na kuurudisha mlango kwa vidole, asije akamwamsha.